Kimya kingi kina mshindo: nani anamlinda mlinzi wa mashine zetu?

Siku hizi ukiingia ofisi yoyote ya Maskati, iwe kampuni kubwa ya Al Khuwair au duka la jumla la Ruwi lenye matawi matatu, utamkuta kijana wa kompyuta anakwambia kwa kujiamini: "Usiwe na wasiwasi ami, kila kitu tunakifuatilia." Na kweli, ukutani pana skrini, na kwenye skrini pana vidoti vya kijani, kila kidoti mashine moja. Mwenye mali anaitazama ile kijani, roho yake inatulia, anakwenda zake kula.

Mie kazi yangu ndiyo hiyo ya kufunga mifumo ya ufuatiliaji, na nasema wazi kwamba kijani inanitia khofu kuliko nyekundu. Nyekundu ina maana moja tu, kuna jambo. Kijani inaweza kuwa na maana mbili: mambo ni salama, au yule anayevipaka rangi vile vidoti amekufa zamani na hakuna aliyejua.

Kwa wasiokuwa watu wa kompyuta, nieleze kidogo. Ndani ya kila mashine inayofanya kazi, kama seva ya hesabu, ya kamera au ya kupimia joto la ghala la baridi, huwekwa programu ndogo iitwayo ajenti. Kila baada ya nusu dakika au dakika nzima inapima: diski imejaa kiasi gani, joto limefika wapi, huduma iko hai au imelala. Khabari hizo zinapelekwa kwenye seva moja ya ufuatiliaji. Seva hiyo inazipokea, inazilinganisha, na ikiona hatari inapiga kengele kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Kwa hiyo ajenti ni walinzi wa milangoni, na seva ni mkubwa wao. Walinzi wote wanamtazama yeye. Sasa yeye akianguka, nani atasema?

Wengi watanijibu haraka: "Tutanunua seva ya pili." Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, kwa sababu nimeona watu wengi wakitoa pesa nyingi kwa jibu hilo, kisha siku ya siku halikuwafaa kitu.

Nichukue mfano uliochunguzwa mpaka mwisho. Tarehe 14 Agosti 2003, kampuni ya umeme ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, Marekani. Chumba chao cha kuongozea umeme kilikuwa na programu ya kengele: waya ukizidiwa au ukijizima, muongozaji anapewa taarifa pale pale. Saa 8:14 mchana kwa saa za kwao, programu ile iliganda. Haikulia, wala haikuandika kwamba imekufa. Ilinyamaza tu. Waongozaji wakaona hakuna kengele, wakafahamu kwamba hakuna tatizo.

Saa 8:41 seva kuu iliyobeba programu ile ikaanguka. Mfumo ukafanya kama ulivyotengenezwa: kazi zote zikahamia zenyewe kwenye seva ya akiba. Kila kitu kikahama, pamoja na ile programu ya kengele iliyokwishaganda. Dakika 13 baadaye, saa 8:54, seva ya akiba nayo ikaanguka. Mafundi wa kompyuta walipata taarifa ya seva kuanguka, wakaiwasha upya, wakaona imewaka, wakaamini mambo yamekwisha. Hawakuwauliza waongozaji kama kengele zinafanya kazi, na waongozaji hawakuwa na khabari kwamba wako gizani.

Huku nje nyaya tatu za umeme mkubwa zilikuwa zinashuka kwa joto la mzigo, zikigusa miti ambayo haikukatwa, zinajizima moja baada ya nyengine. Simu zikawa zinaingia kutoka nje kuuliza kuna nini. Ilikuwa saa 9:42, karibu saa moja na nusu baada ya kengele kufa, ndipo muongozaji akatambua kwamba kengele zao hazifanyi kazi. Muda ulikuwa umekwisha. Kufikia saa 10 na robo, watu wapatao milioni 50 katika majimbo 8 ya Marekani na jimbo la Ontario la Kanada walikuwa hawana umeme.

Sisemi kwamba programu ya kengele ndiyo iliyoangusha umeme. Miti haikukatwa, mzigo ulikuwa mkubwa, na makosa yalikuwa mengi. Nasema kwamba muda wa kujiokoa ulikuwepo, na ulipotea kwa sababu ya kimya. Na kumbukeni: seva ya pili ilikuwepo. Pesa zilishatolewa. Kuhama kulifanyika vizuri kabisa. Ila mwenzake alipokea zamu pamoja na maradhi.

Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo. Kwenye kazi yetu hii, hiyo ni kanuni ya ufundi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wenzangu wanaouza seva hawatayapenda. Mwenye pesa kidogo asianze na seva ya pili. Aanze na king'ora cha kimya.

King'ora cha kimya ni kitu chepesi. Mfumo wako wa ufuatiliaji unaamrishwa kupeleka ujumbe mmoja kila baada ya dakika kadhaa, mchana na usiku, kwenda mahali pengine kabisa: mashine nyengine, jengo jengine, ikiwezekana nchi nyengine. Ujumbe wenyewe hauna maana yoyote ila "nipo". Yule aliye mbali kazi yake ni moja, kungoja. Ujumbe ukifika, ananyamaza. Ujumbe usipofika kwa wakati, anapiga kelele. Watumiaji wa programu ya Prometheus wanao mtindo huu tangu zamani: wanaweka kengele ambayo inalia daima kwa makusudi, na jambo la kushituka ni pale inapoacha kulia. Hapo maana ya kimya imegeuzwa, haisomwi tena kuwa ni amani.

Na ule ujumbe usitoke kwenye kompyuta tupu. Utoke kwenye njia ile ile zinazopita kengele za kweli, kuanzia ajenti mpaka mwisho. Kule Ohio seva iliwashwa upya na ikaonekana nzima, kumbe kengele ndani yake bado zimekufa. Tunataka kujua kama kengele inafika kwa mtu. Taa ya kompyuta kuwaka haitwambii hilo.

Baada ya hapo ndiyo tuje kwenye seva ya pili, na tuifanye kama inavyotakiwa. Nitoe mfano wa Zabbix, programu ya bure iliyoanzia Latvia na inayotumika pahala pengi. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022 inaweza kuendesha seva kadhaa kwa pamoja, moja kazini na nyengine zikingoja. Kila moja inaandika kwenye hifadhidata kila sekunde 5 kwamba iko hai. Iliyo kazini ikinyamaza kwa dakika moja, kwa mpangilio wa kawaida, mwenzake anashika zamu. Muda huo unaweza kuubadilisha, lakini usiwe na pupa. Ukiufupisha mno, mtandao ukikwama kidogo tu zamu inahama bila sababu, kisha inahama tena. Ukiurefusha mno, mtu anaumia huku seva zinangojana.

Wengi wanakwama pahala pawili. La kwanza, seva mbili zile zinatazama hifadhidata moja. Hifadhidata ikifa, walinzi wawili wana daftari moja, na daftari limeungua. Lazima nayo iwe na nakala inayokwenda nayo sambamba kwenye mashine nyengine. La pili ni ajenti wenyewe. Ajenti hapokei maswali ya mtu asiyemjua. Kwenye faili lake imeandikwa anuani ya seva anayomtii. Mtu anafunga seva ya pili kwa gharama, anasahau kupita kwenye kila mashine kuandika anuani yake. Siku seva ya kwanza inaanguka, ya pili inashika zamu kwa heshima zote, inawaita ajenti mia na ishirini, na hakuna hata mmoja anayeitika. Pia ajenti apewe mahali pa kuhifadhi vipimo wakati hana wa kumpelekea, ili zamu ikishashikwa apeleke yaliyopita, yasipotee.

Kuna na mifumo mengine ambamo seva mbili zinasikilizana moja kwa moja, kila moja ikisikia mapigo ya mwenzake. Hapo ipo hatari ya waya wa baina yao kukatika. Zote mbili nzima, lakini kila moja inadhani mwenzake amekufa, basi kila moja inajitangaza kuwa mkubwa. Nyumba yenye wakubwa wawili mnajua inavyokuwa. Dawa yake ni shahidi wa tatu, mashine ndogo tu isiyofanya kazi nzito, ambayo kura yake ndiyo inayoamua. Asiyepata kura ya shahidi anakaa chini.

Na mlinzi wa pili asikae chumba kimoja na wa kwanza. Hili nimeliona kwa macho yangu. Palikuwa na duka moja la dawa, sitalitaja, lenye friji za insulini. Insulini inatakiwa ikae baina ya nyuzi 2 na 8. Friji ziliwekewa vipimo vya joto, na kijana aliyekuwa akisimamia kompyuta aliomba mara mbili kwa maandishi apewe kifaa cha pili nje ya jengo. Akajibiwa kwamba hakuna kilichowahi kutokea, ya nini gharama? Usiku mmoja wa joto la mwezi wa sita umeme wa chumba kile ukakatika. Friji zikazima. Seva ya ufuatiliaji, iliyokuwa kwenye chumba kile kile na betri ile ile, ikazima nayo baada ya muda mfupi. Usiku kucha hapakutoka ujumbe hata mmoja, na simu ya yule kijana ilikuwa kichwani pake. Asubuhi dawa zote zilikuwa za kutupwa. Niliitwa kutazama kilichotokea, nikaandika ripoti, na zile barua zake mbili nikazitia ndani. Lakini kijana alishafukuzwa siku ya pili yake, na hakurudishwa.

Hili ndilo linaloniuma. Watoto wetu wengi wanasomea kazi hizi, huku na kule nyumbani. Tunawapa mlinzi mmoja asiye na wa kumwamsha, kisha mlinzi akilala tunawaadhibu wao.

Wapo watakaosema sisi wadogo, hayo ni mambo ya makampuni ya Marekani. Mie nasema sisi ndio tunaojua maana yake kuliko wengi. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani, karibu miezi mitatu, kwa sababu njia ilikuwa moja. Waya wa pili ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013. Nani katika sisi hakuwa na mama au khalati akipelekewa pesa ya mafuta ya jenereta wakati ule? Somo la kutegemea njia moja tumelilipia sote.

Tena kuna lile la Oktoba 2021. Tarehe 3 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batinah, Suwaiq na Khaburah zikajaa maji. Siku ya pili yake, tarehe 4, jioni, watu bado wanatafutana na kuulizana nani kapatikana na nani bado, WhatsApp ikazima dunia nzima pamoja na Facebook na Instagram, kwa muda wa kama saa sita. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani, na hata vifaa walivyozoea kuvitumia kurekebisha hitilafu vikawa havifikiki. Mpaka mafundi walipelekwa kwa miguu yao kwenye majengo ya seva. Sasa niambie, kengele za kampuni yako zinakwenda wapi? Kwenye kundi la WhatsApp. Na zikishindwa? Kimya. Kengele yenye maana iwe na njia mbili zisizofanana: ujumbe wa intaneti, na simu ya kawaida inayolia.

Na njia zisizofanana hazitoshi kama mtu wa kupokea ni mmoja. Maskati tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Dar es Salaam na Unguja wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Kampuni nyingi za jamaa zetu zina mguu huku na mguu kule, na bado kengele ya Ijumaa inapelekwa kwa mtu mmoja wa Seeb ambaye yuko harusini na simu imo garini. Kwa nini zamu ya Ijumaa asipewe kijana wa Dar ambaye yuko mezani kwake? Na Jumapili mwenzake wa Maskati amlipe fadhila. Kengele isipoitikiwa kwa dakika kumi, impigie wa pili. Hili halina gharama ya mashine, ni kukaa na kukubaliana tu.

Neno moja la tahadhari kuhusu ajenti wenyewe. Julai 19, 2024, siku ya Ijumaa, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilitoa marekebisho yenye kasoro kwa ajenti wake, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Ndege zilisimama, hospitali na benki zikahangaika. Mlinzi ndiye aliyeangusha nyumba. Kwa hiyo usirekebishe seva zote mbili siku moja, wala ajenti wote saa moja. Anza na mashine chache zisizo muhimu, ngoja, tazama, ndiyo uendelee. La sivyo umerudi kule kule Ohio, wawili wenye maradhi mamoja.

Mwisho kabisa ni mazoezi, na hapa ndipo wenye mali wanaposhituka. Seva ya pili ambayo haijawahi kushika zamu ni ahadi tu. Chagueni siku ya kazi, asubuhi, watu wote wapo, mzime seva kuu kwa makusudi. Chomoeni waya. Tazameni saa: zamu imeshikwa baada ya muda gani? Ajenti wangapi wameitika? Simu ya nani imelia? Yatatokea mambo, na ni bora yatokee saa 4 asubuhi mkiwa na chai mkononi kuliko saa 8 usiku wa sikukuu. Fanyeni hivyo kila baada ya miezi mitatu, na muandike.

Gharama ipo, sitadanganya. Programu nyingi ni za bure, lakini muda wa mtu si wa bure, na mfumo wa seva mbili una kazi ya kuuangalia kuliko wa seva moja. Ndiyo maana nikasema duka dogo lisianze huko. King'ora cha kimya, njia mbili za kengele, na watu wawili wa kupokea, vinaweza kukamilika kwa siku moja ya kazi. Kampuni yenye friji za dawa, mitambo ya maji au pesa za watu, hiyo haina udhuru. Hiyo iweke vyote.

Hata majumbani mwetu, wengi tumeweka kamera kwenye nyumba tulizojenga Unguja, Pemba au Mombasa, na tunazitazama kutoka huku. Fungua simu yako sasa utazame: kamera ikizima, inakwambia? Nyengine zinaonesha picha ya mwisho tu, mlango umefungwa, ua safi, kumbe picha ni ya juzi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa ya kifaa kutopatikana, uiwashe. Kama haina, mwambie jirani au mtoto wa dada akupigie umeme ukikatika.

Na wewe mwenye ofisi, kesho usimuulize kijana wako kama mnafuatilia. Muulize hivi: "Mashine ya ufuatiliaji yenyewe ikizima dakika hii, simu ya nani italia, na nani ataipiga?" Akikosa jibu usimkasirikie. Muulize anahitaji nini, na akikuletea barua ya kuomba kifaa cha pili, isome.